Mashimo Yaliyoachwa: Nani Alipe Gharama ya Kuifufua Ardhi ya Machimbo?

Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwa jiwe lililotoka kisiwani mwenyewe. Kuta nene za nyumba za Shangani, Malindi, Kiponda na Mkunazini ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na sakafu za ghorofa zake zimebebwa na boriti za mikoko. Jiwe hilohilo limo katika kuta za Ngome Kongwe na za Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Mwaka 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni huja kutoka kila pembe kuutazama. Lakini ni wachache waulizao swali moja jepesi: jiwe hilo lilipotolewa ardhini, mahali pake pakabaki nini?

Pakabaki shimo. Kila jengo lina shimo lake mahali fulani, ingawa wenye jengo na wenye shimo aghalabu hawajuani. Zamani jambo hili halikuwa zito, kwa kuwa watu walikuwa wachache na mawe yalichimbwa kwa mtaimbo na kubebwa kwa punda na hamali. Hali imebadilika. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu wapatao 476,000 katika Zanzibar yote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na kati yao 1,346,332 walikuwa Unguja. Watu wameongezeka takriban mara nne, na kisiwa ni kilekile. Kila mmoja wao anahitaji nyumba, shule, hospitali na barabara. Na vyote hivyo hutengenezwa kwa mchanga, mawe na kokoto. Katika Wilaya ya Kaskazini B, sehemu kama Pangatupu na Donge Chechele zimejulikana kwa machimbo ya mchanga, na katika vijiji vingi vya ardhi ya mawe wanawake hukaa juani wakiponda kokoto kwa nyundo ili wapate riziki.

Mchimbaji akiisha kupata alichokitaka huhama. Ardhi haihami. Makala haya yanaeleza ardhi hiyo hupoteza nini, sayansi inafahamu nini juu ya kuifufua, na fedha za kazi hiyo zaweza kutoka wapi.

Jiwe lililokuwa bahari

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni mwamba wa matumbawe ya kale. Wanyama wadogo wa baharini waliujenga kwa kalisi kabonati, wakati maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo. Bahari iliposhuka, mwamba ulibaki nchi kavu. Wakulima wa Unguja waliziainisha ardhi zao kabla ya wanasayansi kufika na vipimo vyao, na majina yao yameingia katika vitabu vya taaluma ya udongo: kichanga ni udongo wa mchanga, kinongo ni udongo mwekundu au wa kahawia uliotokana na mawe ya chokaa, kinamo ni udongo mzito wa mfinyanzi, na uwanda na maweni ni ardhi ya mawe yenye udongo haba. Mikarafuu na minazi mingi imo katika udongo wenye kina wa magharibi na kaskazini. Mashariki mkulima hupanda mbegu zake katika vifuko vya udongo vilivyomo baina ya jiwe na jiwe.

Jiwe hilo hutumika kwa kujengea, na hutumika pia kwa chokaa. Likichomwa katika tanuri mpaka kufikia joto la nyuzi 900 za Selsiasi hivi, kalisi kabonati hugawanyika ikawa kalisi oksaidi, yaani chokaa kali, na hewa ya kabonidayoksaidi ikatoka. Mwanafunzi wa kemia aweza kulihakikisha jambo hili kwa hesabu: kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa kali, na kilo 44 huondoka zikiwa hewa. Kwa hiyo kila gunia la chokaa ni ushahidi wa jiwe jingi zaidi lililochimbwa, na wa kuni zilizokatwa ili kulichoma. Mahitaji haya hayatakwisha. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ilidhihirika jinsi majengo ya kale yanavyohitaji matengenezo ya daima. Na mafundi wa uhifadhi hupendelea chokaa kuliko saruji, kwani saruji ni ngumu mno kwa kuta hizo na huufungia unyevu ndani.

Hapana budi kuchimba, basi. Suala lililopo ni namna ya kuchimba, na wajibu wa yule anayechimba.

Shimo huchukua nini

Hasara ya kwanza ni udongo wa juu. Katika ardhi nyingi za Unguja tabaka lenye rutuba ni jembamba. Humo ndimo mlimo mboji, bakteria, kuvu, minyoo na mbegu zilizolala. Mchanga uliopo chini yake una thamani kwa mwashi, lakini kwa mkulima ni maiti. Udongo wa juu ukichanganywa na kifusi au ukipakiwa pamoja na mchanga, kazi ya karne nyingi hupotea katika mchana mmoja.

Hasara ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo kubwa zaidi: ni maji. Tangu Sultani Barghash alipoyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi ya Bububu, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Unguja imetegemea chemchemi, mapango na visima. Yaani maji ya mvua yaliyozama ardhini. Chini ya kisiwa maji matamu hayo huelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa utafiti wake, waliieleza kanuni yake zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Densiti ya maji matamu ni 1.000 na ya maji ya bahari ni 1.025 hivi. Tofauti ni 0.025, na 1 ikigawanywa kwa 0.025 hupatikana 40. Maana yake ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia mita zipatazo 40 chini yake. Kinyume chake ni cha kutisha: usawa wa maji matamu ukishuka kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi huelekea kupanda kwa mita 20.

Mchanga na udongo ulio juu ya maji hayo ni chujio lake na kifuniko chake. Shimo likichimbwa mpaka karibu na maji, chujio huondolewa. Likiyafikia maji, jua huanza kuyavukiza, na uchafu wote wa juu huingia moja kwa moja. Katika mwamba wa matumbawe, wenye nyufa na mapango, uchafu husafiri upesi. Kisima kilicho mbali chaweza kuathirika kabla mwenye kisima hajajua kwamba kuna shimo.

Hasara ya tatu ni ya usalama na afya. Kingo za mchanga huanguka bila kutoa onyo. Maji yaliyotuama katika mashimo huzaa mbu, jambo ambalo Zanzibar haiwezi kulidharau baada ya juhudi kubwa za kuipunguza malaria tangu katikati ya miaka ya 2000.

Somo la Bamburi

Yapo machimbo katika pwani hii ya Waswahili yaliyofufuliwa, na habari zake zinajulikana duniani. Kaskazini ya Mombasa, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Kilichimba mawe ya matumbawe, jamaa ya mawe ya Unguja, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 kilikuwa kimeacha uwanda mkubwa mweupe, usio na udongo, unaounguzwa na jua, na wenye maji ya chumvichumvi yaliyo karibu sana na uso wa ardhi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa mtumishi wa kampuni hiyo, alianza kujaribu kuotesha miti humo. Alipanda aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, damasi kutoka Somalia, na mvinje.

Mvinje wajulikana na kila mtoto wa pwani. Hauchelei chumvi wala upepo, na mizizi yake ina vinundu ambamo huishi viumbehai wadogo waitwao Frankia. Viumbehai hao huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Ndiyo sababu mvinje waweza kuanza maisha mahali ambapo miti mingine hufa njaa. Hata hivyo tatizo jipya lilizuka: majani yake membamba yaliyoanguka hayakuoza. Yamejaa tanini, na katika uwanda ule hapakuwa na bakteria wa kutosha wa kuyaozesha. Majani yalirundikana yakawa mkeka mkavu, na mboji haikupatikana.

Ufumbuzi uliletwa na jongoo. Haller alimwona jongoo wa miguu myekundu, mkazi wa kawaida wa pwani ya Afrika Mashariki, akiyatafuna majani hayo. Jongoo waliokotwa kwa wingi na kutawanywa chini ya mivinje. Walichokitafuna kilitoka kikiwa kinyesi laini ambacho bakteria waliweza kukishughulikia, na tabaka la mboji likaanza kujengeka juu ya jiwe tupu. Mivinje mingine ikakatwa kwa nguzo na kuni, na nafasi yake ikachukuliwa na miti ya asili ya pwani. Ndege na popo wakaleta mbegu wenyewe. Yakachimbwa mabwawa, akafugwa samaki jamii ya perege, na baadaye mamba. Mwaka 1984 eneo hilo lilifunguliwa kwa watalii na wanafunzi, na mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunukia Haller tuzo yake ya Global 500. Bustani hiyo leo huitwa Haller Park.

Kisayansi, somo la Bamburi ni la mfuatano: mti mtangulizi kwanza, kisha mla majani, kisha mboji, kisha miti ya asili, kisha wanyama. Atakayeruka hatua moja atapanda miche ife. Lakini liko somo la pili ambalo wasifiaji wa jongoo husahau kulitaja. Bamburi ilikuwa na mwenyewe. Aliyechimba ndiye aliyemlipa mshahara mtaalamu, mwaka baada ya mwaka, kwa fedha zilizotokana na saruji ileile. Mashimo ya Unguja aghalabu ni madogo, yametawanyika, na waliochimba hawapo tena kuulizwa. Jongoo wapo, na mivinje ipo. Kinachokosekana ni yule mwenye kulipa.

Gharama isiyoandikwa katika bei

Anayenunua lori la mchanga hulipa kazi ya kuchimba, mafuta ya gari na faida ya mwuzaji. Halipi thamani ya shimo. Gharama ya shimo huachiwa mkulima wa jirani, mama anayeteka maji na kizazi kijacho. Wachumi huiita gharama iliyotupwa nje ya bei. Nchi mbalimbali zimejaribu kuirudisha ndani, na njia zao kubwa ni tatu.

Njia ya kwanza ni dhamana. Kabla ya kuchimba, mwenye kibali huweka fedha au ahadi ya benki; akiifufua ardhi hurudishiwa, asipoifufua serikali huitumia. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, inayotumika Tanzania Bara, inaitambua dhamana ya namna hiyo kwa migodi mikubwa. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulipokoma kuzalisha mwaka 2021, mpango wa kufunga haukuishia kwenye kusawazisha ardhi. Uliingia pia katika kulifanya eneo hilo kuwa la viwanda na biashara ili mji usife pamoja na mgodi. Lakini dhamana humfaa mchimbaji anayejulikana na mwenye mtaji. Haimfai mponda kokoto, wala haifufui shimo lililokwisha kuachwa.

Njia ya pili ni tozo. Marekani ilipitisha mwaka 1977 sheria ya kusimamia uchimbaji wa makaa ya mawe, na kuweka tozo kwa kila tani inayochimbwa: senti 35 za dola kwa makaa ya machimbo ya wazi na senti 15 kwa makaa ya chini ya ardhi. Viwango hivyo vimepunguzwa mara kadhaa tangu wakati huo. Fedha huingia katika mfuko wa kufufua migodi iliyoachwa kabla ya sheria hiyo. Kwa njia hiyo wachimbaji wa leo huchangia madeni ya wachimbaji wa jana ambao hawapatikani.

Njia ya tatu ni ruzuku ya maendeleo. Kwa miaka mingi fedha za Marekani zilitumika zaidi kuondoa hatari: kuziba mashimo, kuzima moto wa chini ya ardhi, kusafisha mito. Ikaonekana kwamba mahali palipokuwa salama pangali maskini. Mwaka 2016 Bunge la nchi hiyo lilitenga dola milioni 90, kwa sehemu sawa kati ya majimbo ya Kentucky, Pennsylvania na West Virginia, kwa sharti kwamba kila mradi uunganishe ufufuaji wa ardhi na uchumi wa watu wa mahali hapo. Baadaye majimbo mengine na mataifa ya wenyeji asilia yaliongezwa. Uingereza nayo ilitumia fedha za bahati nasibu ya taifa kusaidia mradi wa Eden, uliofunguliwa mwaka 2001 ndani ya shimo la udongo wa kaolini huko Cornwall. Shimo lile halikuwa na udongo wa kupandia. Udongo ukatengenezwa kwa kuchanganya mabaki ya machimbo na mboji ya takataka za mimea, na leo shimo ni bustani ya mimea ya dunia chini ya mapaa makubwa yanayopitisha mwanga.

Hesabu ya hekta moja

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, na lifanyiwe hesabu. Tarakimu za shilingi zifuatazo ni za mfano tu. Mwalimu aweza kuziweka za mahali pake.

Chukua hekta moja ya ardhi ya mchanga, yaani mita za mraba 10,000, iliyochimbwa kwa kina cha mita 3. Mchanga uliotoka ni mita za ujazo 30,000. Lori libebalo mita za ujazo 6 litafanya safari 5,000. Ikiwa kila safari ingetozwa shilingi 5,000 kwa ajili ya ufufuaji, zingepatikana shilingi 25,000,000.

Sasa upande wa matumizi. Mivinje ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta huhitaji miche 1,600. Ikiwa kuuotesha mche, kuupanda na kuutunza ni shilingi 3,000, jumla ni 4,800,000. Zinabaki shilingi 20,200,000 za kulaza kingo, kuweka uzio na kulipa walinzi wa miche. Tozo inatosha.

Lakini iwapo udongo wa juu ulikwisha kutupwa, hesabu hugeuka. Tabaka la sentimita 20 juu ya hekta ni mita za ujazo 2,000, sawa na safari 333 za lori. Ikiwa kila safari ya udongo mzuri ni shilingi 100,000, gharama yake ni 33,300,000, ambayo yashinda tozo yote. Tena udongo huo utakuwa umechimbwa shamba jingine, na shimo litakuwa limehamishwa badala ya kuzibwa. Kama udongo ungekusanywa kando kabla ya kuchimba, kazi ingekuwa kuusukuma tu kurudi mahali pake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria moja inayotekelezwa siku ya kwanza ya kuchimba, kwamba udongo wa juu uwekwe akiba, yaweza kuokoa fedha nyingi kuliko ruzuku itakayoombwa miaka kumi baadaye.

Ruzuku na mipaka yake

Zanzibar ina sheria na vyombo vyake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Mchanga, mawe na kokoto huitwa katika lugha ya serikali maliasili zisizorejesheka, na kwa miaka kadhaa zilisimamiwa na idara ileile iliyosimamia misitu. Muungano huo ulikuwa na hekima yake: anayetoa kibali cha kuchimba alikuwa jirani wa anayeotesha miche.

Kwa mashimo ya zamani yasiyo na mwenyewe, ruzuku ni njia isiyoepukika. Kwa mfano, Mfuko wa Mazingira wa Dunia una Programu ya Ruzuku Ndogo iliyoanza mwaka 1992, inayotoa fedha kwa vikundi vya wananchi na asasi zisizo za kiserikali. Kwa muda mrefu kiwango chake cha juu cha kawaida kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Kikundi cha kijiji chenye kitalu, hesabu safi na mpango unaoeleweka chaweza kuomba.

Hata hivyo ruzuku ina mitihani mitatu. Wa kwanza ni muda. Ruzuku nyingi huisha baada ya mwaka mmoja au mitatu, na msitu haujui kalenda ya mfadhili. Miche hupandwa kwa sherehe wakati wa masika, na hufa kiangazi wakati hakuna wa kuimwagilia wala wa kuwazuia mbuzi. Mpango wa busara huacha sehemu ya fedha kwa ajili ya mwaka wa pili na wa tatu, na huhesabu mafanikio kwa miti iliyo hai. Idadi ya miche iliyopandwa peke yake si kipimo.

Mtihani wa pili ni umilikaji. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na maelfu ya familia waligawiwa eka tatu tatu za kulima. Sheria ya mwaka 1992 ilithibitisha kwamba ardhi yote ni ya umma, ambayo mtu hupewa haki ya kuitumia. Zaidi ya hayo, ni desturi ya kale visiwani kwamba mti waweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi. Basi mvinje uliopandwa kwa fedha za ruzuku ndani ya shimo lililo katika eka za familia fulani ni wa nani siku ya kukatwa? Jambo hilo lisipoandikwa mapema, mradi utazaa ugomvi kabla haujazaa nguzo. Mfano mzuri haupo mbali: katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, sehemu ya mapato ya watalii wanaokwenda kuwatazama kima punju hupelekwa kwa vijiji vilivyo jirani. Mwanakijiji hulinda kile anachokula nacho.

Mtihani wa tatu ni riziki. Mwanamke anayeponda kokoto hapondi kwa kupenda. Ukimfungia machimbo bila kumpa kazi nyingine, utakuwa umelifufua shimo na kuiua nyumba. Ruzuku ya kweli ya maendeleo humwanzia yeye: kazi ya kitalu, kazi ya kulaza kingo, haki ya kuuza nguzo na kuni za mvinje.

Yafaayo na yasiyofaa

Si kila shimo lifaalo kwa kila jambo. Shimo kavu lenye kina kidogo lafaa msitu wa mivinje, na baadaye miti ya matunda na ya asili. Lililo katika ardhi ya mawe lina mwalimu wake karibu: misitu ya Jozani na ya Kiwengwa-Pongwe inaonyesha kwamba hata juu ya mwamba wa matumbawe waweza kuota msitu mnene, ukiachwa na kutunzwa. Shimo lenye maji ya kudumu laweza kuwa bwawa la perege, ambao pamoja na kuwa kitoweo hula viluwiluwi vya mbu. Lakini maji yapimwe chumvi kwanza, na chakula cha samaki kisizidi kiasi, kisije kikayachafua maji ya visima. Shimo lililo kando ya barabara ya watalii laweza kuwa bustani au soko la kazi za mikono.

Lipo tumizi moja ambalo ni lazima likataliwe, ingawa ndilo rahisi kuliko yote: kuyafanya mashimo kuwa majalala. Takataka zilizotupwa katika shimo lisilo na sakafu isiyopenyeza hutoa majimaji ya sumu, na majimaji hayo hushuka katika yale maji matamu yanayoelea juu ya bahari. Kwa kisiwa kinachokunywa maji ya ardhini, kulijaza shimo kwa takataka ni kutia uchafu katika mtungi wa nyumba nzima.

Kazi ya shule

Walimu wa jiografia, biolojia, kemia na hesabu wanaweza kuyafanya machimbo ya karibu kuwa maabara bila kumwingiza mwanafunzi yeyote shimoni, kwani kingo si salama. Wanafunzi wasimame mbali na ukingo, wakadirie eneo na kina, na wakokotoe ujazo uliotoka na idadi ya safari za lori. Wapime chumvi ya maji ya visima vya jirani wakati wa masika na wakati wa kiangazi, wakilinganisha mwaka kwa mwaka. Shuleni wapande miche ya mvinje katika makopo mawili, moja lenye mchanga mtupu na jingine lenye mchanga uliochanganywa na udongo uliochukuliwa chini ya mvinje mkubwa, ambamo Frankia wamo. Baada ya miezi kadhaa tofauti ya kimo na ya rangi ya majani, na vinundu mizizini, vitajieleza vyenyewe. Waweke majani makavu ya mvinje katika masanduku mawili, moja lenye jongoo na jingine lisilo nao, wapime uzito kila mwezi.

Tarakimu za namna hiyo, zikikusanywa kwa uaminifu na kuhifadhiwa, zina thamani kuliko wanafunzi wanavyodhani. Halmashauri inayotaka kuweka tozo yahitaji kujua ni mchanga kiasi gani uliotoka. Kikundi kinachoomba ruzuku hukumbana na swali la kwanza la kila mfadhili: hali ilikuwaje kabla ya mradi? Shule yenye daftari la miaka mitano ya vipimo italijibu swali hilo kwa kufungua kurasa. Na kijana aliyehesabu kwa mkono wake mwenyewe safari 5,000 za lori kutoka katika hekta moja, siku atakapojenga nyumba yake, atamwuliza mwuza mchanga swali ambalo wajenzi waliomtangulia hawakuliuliza: udongo wa juu umewekwa wapi?